Chungu cha Shufaa

Tangu tumzike dada yangu Shufaa sikuwa nimelia. Mwaka jana niliporwa simu hapa Johannesburg, mtaa wa Alexandra, nikalia mpaka macho yakavimba, lakini kwa ndugu yangu wa tumbo moja, hata tone. Watu walinisifu eti nina subira. Subira gani? Nilikuwa nimekufa ganzi tu. Nilikula, nikalala, nikauza vitambaa vyangu, na mtu akiniuliza hali nilimjibu nzuri.

Siku ya arobaini nilifika mapema mtaa wa Kensington, nyumbani kwa shemeji yangu Karimu, mume wa marehemu, nipike pilau la hitima. Nilishaamua kupikia chungu cha Shufaa, kile cha chuma cheusi chenye miguu mitatu ambacho hapa wanakiita poiki. Alikinunua mwaka aliofika Joburg kutoka Tanga, na hakuna shughuli ya Waswahili mjini humu ambako hakikupelekwa. Niliona nikikiinjika tena, nikasimama nacho na mwiko, huenda na mimi nikahisi kitu. Katika vitu vyake vyote ndicho pekee nilichokitaka.

Jikoni hakikuwapo. Nilikikuta uani, kwenye karakana ya Karimu, juu ya jiko alilolitengeneza kwa mtungi wa gesi uliokatwa. Karimu ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti, na ukimpelekea kitu cha ajabu anakitengeneza pia. Wakati huo alikuwa na kazi ya mzee mmoja wa klabu ya kulenga shabaha, ambaye starehe yake ni kujitengenezea risasi nyumbani. Meza ya chuma, jiko, vishikio vya kalibu za kumiminia risasi, vyote vilikuwa pale. Sikuvijali. Nilibeba chungu nikakirudisha jikoni, nikakisuuza, nikatia mafuta na vitunguu.

Vitunguu vilikuwa vinaanza kugeuka rangi Karimu aliporudi na nyama. Akasimama mlangoni, mfuko mkononi.

"Shemeji, zima jiko."

"Kuna nini?"

"Hicho hakipikiwi tena. Nimeyeyushia madini ya risasi humo, nikijaribu jiko la yule mzee. Ni sumu. Haitoki hata ukisugua."

Nilizima. Nikamuuliza, uani kote kumejaa vyuma, ilikuwaje mkono wake ukaangukia hiki?

"Nilikuwa natafuta chuma kinene," akasema. "Nikakiona kinafaa, nikakichukua. Wallahi, shemeji, sikukumbuka ni cha nani. Nilikumbuka nikiwa namimina."

Siku nyingine ningemrarua. Ulimi ninao, na yeye anaujua. Lakini nilimtazama, shati kalifunga vifungo kombo, nikamwelewa kuliko nilivyotaka, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekisuuza chungu kile, nimekaangia, na sikuhisi lolote. Hilo ndilo lililoniudhi.

Léocadie, mama wa Bukavu anayepanga chumba cha uani, alikuwa amesikia. Akaja na sufuria lake.

"Dada, kamata ya kwangu. Iko kubwa, itatosha batu bote."

Nikamwaga vitunguu kwenye pipa la taka. Karimu akasema atamtafutia mzee chungu kingine, hiki nikichukue mimi, nikiweke kama kumbukumbu. Nikaifikiria nyumba yangu: wapangaji, wanangu, wageni wasiokwisha, kila mtu anashika chombo chochote anapika. Nikiwa sipo nani atawaambia kina sumu?

"Huyo mzee wako anataka chungu cha namna gani?"

"Chenye tundu chini. Nafunga bomba hapo, risasi iliyoyeyuka inashuka yenyewe kwenye kalibu, haina haja ya kuchota."

"Basi toboa."

"Nikitoboa ndiyo basi tena, shemeji."

"Toboa nikione."

Alikipindua juu ya meza, miguu ikatazama juu. Nilikishika kwa mikono miwili kisicheze. Kilikuwa bado kina joto, kinanuka vitunguu. Drili ilijikokota muda mrefu, Karimu ameilalia kwa kifua, unga mweusi ukituangukia vidoleni. Ilipopenya aliizima, akakigeuza, akapitisha kidole kwa chini kuona kama tundu liko sawa.

Nikachungulia ndani. Kidole cha shemeji yangu kilikuwa kimechomoza pale pale ulipokuwa ukishika ukoko, ukoko ambao Shufaa alikuwa akinibandulia mimi kwanza, kabla ya wageni, kama alivyofanya tangu tulipokuwa wasichana kwetu.

Ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, nimekikumbatia chungu na tundu lake, Karimu amesimama tu na drili mkononi. Pilau alilipika Léocadie.