Boga, Maziwa na Safari ya Bura

Jumatatu Habibo alipata habari njema: binti yake Rukiyo amejifungua mtoto wa kike huko Bura. Jumanne akapata habari mbaya, nayo ilitoka ndani ya kichupa cha kioo.

"Nyekundu kama tofali," alisema Alio, dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati, akiinua juu kichupa chenye mkojo wa Habibo aliokuwa ameuchemsha na dawa ya buluu. "Eeddo, sukari uliyonayo inatosha kufungulia duka."

Alimwita eeddo, shangazi, kwa heshima, lakini heshima haikumlainisha. Mwaka huo wa 1966, vita vya serikali na waasi vikiwa vimepamba moto, hakuna aliyetoka Garissa bila kibali, na malori ya Bura yaliondoka mara moja kwa wiki yakisindikizwa na askari. Mgonjwa alihitaji sahihi ya dresa kwanza. Alio alikataa katakata. Bura hakuna dawa, akizirai huko nani atamshughulikia? Arudi baada ya wiki mbili, na rangi ikigeuka kijani au ikibaki buluu, atamwandikia.

Habibo alimfikiria Rukiyo. Mzazi hukaa ndani siku arobaini, na siku ya arobaini mama yake mzazi ndiye humtoa nje na mtoto wake mbele ya wanawake. Asipofika, Rukiyo atatolewa na mama mkwe wake, mwanamke ambaye Habibo alikuwa na maoni yake juu yake, na maoni yenyewe hayaandikiki.

"Sasa nile nini? Hewa?"

"Chai bila sukari. Wali na ugali viweke kando. Mwili bado unataka wanga, lakini uupe polepole: kipande cha boga, nyanya, mboga za majani, na maziwa."

Neno la mwisho ndilo alilolisikia vizuri zaidi. Maziwa! Hapo hakuna adhabu. Mtihani ulikuwa majani. Katika ukoo wao majani yalikuwa chakula cha mbuzi, na mbuzi ndiye aliyekuwa chakula cha watu. Kwa hiyo alikwenda sokoni adhuhuri, watu wakiwa wamelala, ushungi umemfunika hadi puani utadhani anasafirisha bunduki, akasimama mbele ya Arbia, Mmunyoyaya aliyelima ukingoni mwa mto Tana.

"Hii majani nabika namna gani?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

Arbia alijizuia kucheka, akashindwa. "Unakata ndogo ndogo, mama, unakaanga na kitunguu. Hili boga chemsha na ganda lake."

"Na chumfi?"

"Kidogo tu."

Siku ya kwanza Habibo alikula amefumba macho. Siku ya tatu aliyafumbua. Wiki ilipokwisha alikuwa anagombana na Arbia kwamba boga la juzi lilikuwa tamu kuliko la leo. Wali hakuugusa. Sukari alimpa jirani yake Batula, mkebe mzima, akageuka asiuone ukiondoka.

Siku ya kumi na sita alirudi kwa Alio akiwa na furaha ya mtu anayekwenda kupokea zawadi. Kichupa kikachemka. Dawa ikageuka manjano, kisha rangi ya chungwa, ikaganda hapo.

"Wallahi sijala hata punje ya wali!"

"Nakuamini. Maziwa je, unakunywa kiasi gani?"

Habibo alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la utovu wa adabu. "Kaka yangu Dagane ananiletea kibuyu kila asubuhi. Nakimaliza."

"Kibuyu kizima! Eeddo, maziwa nayo yana sukari yake. Ni chakula kizuri, ila pima. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni."

Apime maziwa? Kwao maziwa hayakupimwa. Ukiyapima unawaitia ngamia jicho baya, na Dagane alibakiwa na ngamia wanne tu baada ya wengine kuchukuliwa na askari. Isitoshe, habari za mwanamke anayepima maziwa zingefika hata Eldas, safari ya siku nyingi, kabla ya jua kuzama. Habibo alirudi nyumbani akalia kama mtoto. Alimtaka binti yake, na kikombe kilikuwa kimesimama katikati ya njia.

Asubuhi iliyofuata Batula alikuja kumpa pole. Mgeni ni mgeni, Habibo akammiminia maziwa. Akaja Abshiro wa nyumba ya pili, naye akamiminiwa, kisha shemeji yake Abshiro na wanawe wawili. Walipoondoka Habibo aliinamisha kibuyu, kikatoa kikombe kimoja, na kingine cha kubakiza hadi jioni. Kisha akacheka peke yake mpaka kuku wakakimbia. Hakupima kitu! Amekaribisha watu tu, na mwenye nyumba hunywa mwisho.

Tangu siku hiyo mlango wake haukufungwa. Maziwa yalikuwa adimu mjini, na wanawake walikuja na watoto, na vicheko, na umbea wa mitaa yote. Waliokuja kunywa walibaki kula boga, na Arbia akawa analeta kikapu mwenyewe bila kuitwa.

Siku ya thelathini dawa iligeuka kijani. Alio alitia sahihi kabla Habibo hajamaliza kupiga vigelegele, akamfungia na vidonge vya kushusha sukari vya mwezi mzima. Lakini msafara ukaahirishwa kwa sababu ya bomu barabarani, na Habibo akahesabu siku kwa vidole mpaka vidole vikamchosha. Malori yaliingia Bura siku ya arobaini, jua limeshapita utosini.

Wanawake walikuwa wamejaa uani. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, amechoka, ushungi umemshuka mabegani.

"Tangu asubuhi namwambia atoke," alimwambia Habibo. "Nimemwambia mama yake ni mgonjwa, haji. Akanijibu kwamba simjui mama yake."

Kisha akapisha njia. Habibo aliingia, akamkuta Rukiyo ameketi, amevaa nguo mpya, mtoto mapajani, amekaza macho mlangoni. Alimkumbatia, wakalia wote wawili bila haya. Halafu akambeba mjukuu wake, akamshika binti yake mkono, akawatoa juani.