Kiraka cha Buluu

Wasomi wameandika vitabu vinene kuhusu vita vyetu. Mimi Ponirah, muuza tempe za soya wa mji wa Magelang, kitambaa kimoja kinanitosha.

Mholanzi alitutawala mpaka akatuona kama ng'ombe wake. Mjapani akaja akamfukuza, akatuvisha magunia. Mjapani naye aliposhindwa, tukatangaza uhuru, na Mholanzi akarudi, eti amefuata mali yake. Vita vikaanza.

Mume wangu Kasdi na rafiki yake Parijo walipanda paa la kiwanda cha sukari, wakashusha bendera ya Mholanzi: nyekundu, nyeupe, buluu. Wakachana buluu, zikabaki rangi zetu mbili. Parijo akapewa ukamanda. Kasdi akapewa ile buluu, nami nikamshonea kiraka makalioni, maana nguo zilikuwa hadithi.

Mkono wangu ningeukata siku ile.

Vita vilipopamba moto, vijana wetu walianza kusaka wapelelezi, na kipimo chao kilikuwa rahisi: mwenye nyekundu, nyeupe na buluu mwilini ni mtu wa Mholanzi. Asubuhi moja tuliwapelekea wapiganaji wali. Kasdi alivaa shati jeupe na suruali yake yenye kiraka, saruni nyekundu begani. Kwenye kizuizi cha barabarani tukamkuta Parijo.

"Geuka," akamwambia Kasdi. "Hii nini?"

"Kiraka. Si ile tuliyochana mimi na wewe?"

"Usinitie kwenye mambo yako. Mimi kamanda."

Vijana wakanyanyua mianzi iliyochongwa.

"Shemeji Parijo," nikasema, "akivua suruali anabaki na rangi ngapi?"

Akahesabu kwa vidole. "Mbili."

"Basi avue."

Kasdi akajifunga saruni, akavua suruali, akanipa. Watu walicheka, hata wale wenye mianzi.

"Mke wangu," akaninong'oneza, "leo makalio yangu nusura yaniue. Nenda nyumbani, wali nitaufikisha mwenyewe."

Hakufika. Doria ya Waholanzi ilimwona darajani, shati jeupe, saruni nyekundu, wakaona bendera yetu inatembea. Hao hawakumwambia ageuke. Nilimlilia mume wangu huku suruali yake iko mkononi mwangu.

Miaka minne watu walikufa, kisha wakubwa wakakaa mezani huko Ulaya, wakatia sahihi, Mholanzi akafunga virago. Kumbe meza zilikuwepo siku zote.

Parijo sasa ni mheshimiwa, ana ofisi. Miaka michache iliyopita alikuja kuomba ile buluu.

"Historia, shemeji. Itakaa kwenye kabati la kioo ofisini kwangu."

Nilifumua kiraka nikampa. Chini yake wameandika: Ilichanwa na Kamanda Parijo. Mwenye makalio hakutajwa.

Kila siku ya uhuru mimi huenda kusimama mbele ya kabati lile. Navaa saruni nyekundu, blauzi nyeupe na mtandio wa buluu. Parijo hunipa mkono, hunikaribisha chai. Nangoja aniambie nigeuke, na mpaka leo hajathubutu.