Mkono Uliokula Peke Yake

Kanku alipoingiza mkono kwenye droo akagusa ubao mtupu, alifikiri ameibiwa. Asubuhi ile alikuwa amenunua karanga za kukaanga, karatasi mbili zilizojaa, pamoja na mikate sita ya mafuta kwa mwanamke anayeuza mbele ya lango. Saa nne ilikuwa haijafika. Akamtazama Okito, karani wa meza ya pili.

"Okito, nani alifungua droo yangu?"

"Weye, Mama. Miye niko nakutazama tangu saa mbili. Unapiga mashine, unakula. Unapiga, unakula. Kama treni na makaa."

Kanku akacheka, kwa sababu Okito hakuwa na ubaya. Lakini alipolamba midomo kutafuta ladha ya karanga hakuipata. Alikuwa amekula vitu vyote vile kama mtu anayefukia shimo.

Ofisi yao ilikuwa ya ugavi wa chakula, hapo Kindu, umbali mfupi kutoka mtoni. Jina la ubatizo la Kanku lilikuwa Scholastique, lakini serikali ya Zaïre ilikuwa imekataza majina ya Kizungu, kwa hiyo lilibaki kanisani na mdomoni mwa mumewe Léon, fundi wa reli. Kanku alikuwa dactylo, mpiga mashine ya kuandika, tena hodari kupita wote mjini. Mkuu wao, Sitwayeni Badibanga, yaani Raia Badibanga kama serikali ilivyotaka watu waitwane, mtu wa Kasai kama yeye, alipenda kumwonyesha kwa wageni.

"Mutu akiwauliza kama Zaïre inakula," alikuwa akisema, mkono kwenye kola ya abakosti yake, koti la wakubwa lisilovaliwa na tai, "mumuonyeshe Mama Kanku!"

Wageni walicheka. Kanku naye alicheka, kisha akarudi mezani, na mkono ukashuka kwenye droo.

Yote hayo angeyavumilia kama si miguu. Tangu mwezi uliopita nyayo zilimwaka moto, na kiu haikumwacha. Mama yake alianza hivyo hivyo huko Kasai. Wakamkata mguu mmoja, na mwaka haukuisha wakamzika. Kwa hiyo siku ya Alhamisi Kanku alikwenda hospitali kwa Halima, muuguzi waliyezoeana naye sokoni.

Ili kumfikia Halima alipita uani, kati ya mafiga. Kila mgonjwa alikuwa na ndugu wa kumpikia pale, maana hospitali haikumpa mtu hata kijiko cha wali. Asiye na ndugu alingoja ukoko wa wenzake. Kwenye mkeka karibu na mlango alilala bibi mmoja wa Kailo, mtoto wake wa mwisho amekwenda kuchimba madini Kalima na hakuna aliyempelekea habari. Bibi alikuwa anakunywa maji kwenye kikopo, polepole, kama mtu anayekula.

Halima alipima mkojo, akarudi na uso usiotaka mzaha.

"Sukari iko, dada. Bado inaanza. Ukibadili kula sasa, miguu ni yako. Ukiendelea, unajua mwenyewe."

"Nimejaribu, Halima! Nilimpa Okito ufunguo wa droo. Saa tano nilimnyang'anya kwa nguvu, watu wakaona. Nilijinyima siku tatu, siku ya nne nikala sufuria nzima."

"Miye nafunga mwezi mzima kila mwaka, njaa naijua," Halima alisema. "Njaa ya kweli inakuja taratibu, inaanzia tumboni, na hata muhogo mutupu inakubali. Yako inaanzia wapi?"

Kanku alifikiri. Kisha akashika koo.

"Basi hiyo si njaa. Ni kitu ingine, na miye siwezi kukutajia. Utakitafuta weye. Usijikataze kitu. Mukono ukishuka, uuzuie kidogo tu, uandike kwenye kikaratasi ulikuwa unafanya nini dakika ile. Kisha, kama bado unataka, funika mashine, ule. Karanga moja moja. Uitazame, uitafune mpaka iishe, ndiyo uchukue ingine."

"Ofisini watasema nimeingia wazimu."

"Wamesema mangapi?"

Siku ya kwanza ilikuwa mateso. Mkono ulikuwa umeshafika mdomoni kabla Kanku hajaukumbuka. Siku ya pili aliukamata njiani mara tatu. Alifunika mashine, akaweka karanga kumi juu ya meza, akala ya kwanza akiitazama. Ilikuwa na chumvi nyingi. Ya nne ilikuwa imeoza, chungu kabisa, akaitema, akashangaa: ngapi za namna hii amekwisha kuzimeza miaka yote? Alipofika ya saba aliona hataki tena.

"Mama Kanku, unasali juu ya karanga?" Okito aliuliza.

"Ninasikia ladha yake, mwanangu. Jaribu."

Okito akachukua moja, akatafuna macho yamefumbwa kama padri, ofisi nzima ikacheka.

Wiki ya pili vikaratasi vilikuwa kumi na tisa. Kanku alivitandaza mezani wakati wa mapumziko, akitarajia kukuta uchovu, au joto, au maneno ya Badibanga mbele ya wageni. Viwili vilikuwa vya Badibanga. Kimoja kilikuwa cha barua ya dada yake. Kumi na sita vilisema kitu kimoja: *ripoti, sehemu ya hospitali.*

Sehemu ile aliijua kwa moyo, maana aliipiga karibu kila siku kwa miaka mitano, nakala nne kila mara: *Wagonjwa wote wanapewa chakula mara mbili kwa siku, na wanashiba.* Mchele ulioandikwa hapo ulitoka ghalani kwa lori, hilo kila mtu aliliona. Ulikokwenda baadaye, kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Kanku aliisoma sentensi ile kwa sauti ndogo, akamwona bibi wa Kailo na kikopo chake. Koo likamkaba. Mkono ukaanza kushuka. Safari hii aliutazama tangu begani, na akajua unakwenda kuziba nini. Miaka mitano alikuwa na hasira kiasi hicho, na badala ya kuitoa aliishindilia mikate juu yake! Wakubwa walikula mchele wa wagonjwa, na yeye akawasaidia kumeza. Na mguu utakaokatwa ni wake.

Akafunga droo. Mchana, wajumbe wa chama tawala wakitarajiwa kwa ndege ya Ijumaa, Badibanga alikuja kuchukua ripoti. Karatasi ilikuwa mashineni, imejaa mpaka nusu.

"Mama Kanku, iko nini? Mashine imeharibika?"

"Hapana, Sitwayeni. Nimefika kwenye hospitali."

"Ee, basi piga. Hayabadiliki maneno yale."

"Ndiyo ubaya wake. Hayabadiliki, na si ya kweli. Mimi sitayapiga tena."

Okito aliinamia kitabu chake mpaka pua ikagusa ukurasa. Badibanga akatabasamu, akasogea karibu, akazungumza kama kaka.

"Dada, tumetoka mbali, mimi na weye. Hapa si kwetu. Nani alikutia maneno haya? Ni yule muuguzi? Watu wamekuona huko."

Kanku aliogopa. Jina moja tu, na Halima angefukuzwa kabla ya Ijumaa.

"Hakuna mutu," alisema. "Ni mukono wangu."

"Mukono?"

"Umechoka kunilisha kila unapoandika uongo." Kanku akainuka. "Kama maneno haya ni ya kweli, Sitwayeni, kaa hapa uyapige mwenyewe. Kiti bado kina joto."

Tabasamu la Badibanga likaondoka. "Unajua watu wanakwenda wapi kwa maneno madogo kuliko hayo? Mwanamuke munene hivi, atasimama kuniambia habari ya njaa!"

Hakuna aliyecheka. Badibanga akageuka kuwatafuta waliozoea kucheka.

Ofisi haikuwa na mpiga mashine mwingine, kwa hiyo alikaa kwenye kiti, akapiga sehemu ile kwa vidole viwili, herufi moja moja, jasho likimtoka. Ilimchukua dakika ishirini. Muda wote Kanku alisimama pembeni, mikono imeshika mkoba, akimtazama anavyoitafuta kila herufi ya neno *wanashiba*. Kabla ya saa ya kufunga alipewa barua: Jumatatu aripoti Pangi, kuandikisha wakulima, ofisi isiyo na mashine.

Nyumbani Léon alikuwa amerudi kutoka karakana na kupasha wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alisoma barua mara mbili amesimama.

"Scholastique, umefanya nini?"

"Nimekasirika."

Katika miaka kumi na minne ya ndoa hakuwa amelisikia neno hilo mdomoni mwa mkewe. Akavuta kigoda. Akamsogezea sahani, kama alivyozoea kila alipomwona uso umebadilika.

Kanku akaisukuma nyuma, bila ukali.

"Acha kwanza nikasirike mpaka mwisho, Léon. Kaa unisikilize. Nitakula kisha."

Akaanza kueleza, tangu lori la kwanza la mchele, na sauti yake ilisikika mpaka kwa majirani.