Miadi ya Mwaka 1970

Mafundi wenzake walimwita Kwangu Inafanya, na lakabu hiyo hakusingiziwa. Mteja akipiga simu kulalamika kwamba kidude alichomtengenezea kwenye tovuti hakifunguki, yeye hufungua kompyuta yake mpya, hukitazama kidude kikifunguka vizuri kabisa, kisha hujibu kwa upole wa mtu aliyeshiba: "Kwangu inafanya." Kesi imekwisha. Mteja akiwa mbishi, huongezewa dawa ya pili: "Futa, jaza upya."

Kidude chake cha mwisho kilikuwa cha kliniki ya macho, kalenda ndogo ya kuombea miadi ya upasuaji. Unachagua siku, unaandika jina na namba ya simu, basi. Kilikuwa na bluu za aina tatu, na siku ukiigusa inavimba kidogo. Uvimbe huo peke yake ulimla wiki nzima. Kliniki ikafurahi hata ikatupa daftari la miadi.

Daktari bingwa wa mtoto wa jicho alifika mara moja kwa mwezi, siku ya Alhamisi, akapasua watu kumi na wawili, akaondoka. Orodha ilifungwa Jumatano saa sita mchana. Mama mkwe wa fundi alikuwa mmoja wa waombaji. Jicho lake la kushoto lilishamsusa zamani. La kulia lilikuwa linafungasha virago.

Alikuwa wa tano kuomba. Siku hiyo hiyo akampigia mkwewe.

"Mwanangu, niko kliniki, kwenye kompyuta ya mapokezi. Dada hapa anasema kidude chako hakina kalenda. Ni kisanduku cheupe tu."

"Mama, kwangu inafanya. Mwambie afute, ajaze upya."

Wakafuta, wakajaza upya. Kisanduku kikabaki cheupe. Baada ya siku chache mama akarudi, wakafuta tena, wakajaza tena. Mpaka Jumanne alikuwa ameshajaza mara nne. Mkwe ndiye bingwa wa kompyuta. Yeye ni nani hata abishe?

Jumatano saa mbili asubuhi dada wa mapokezi aliifungua orodha, halafu akashika simu.

"Fundi, nina wagonjwa arobaini na mmoja hapa, na wote wana miadi siku moja."

"Siku gani?"

"Tarehe mosi Januari, mwaka 1970."

"Dada, kwangu..."

"Ibebe hiyo kwako uje nayo hapa."

Alimkuta mama mkwe kwenye benchi, mkoba mapajani, ameshapata habari.

"Mkwe, mwaka huo macho yangu yalikuwa mazima. Huyo daktari angekuja kupasua nini?"

Fundi akacheka peke yake, akapita nyuma ya meza. Miezi mitatu ametengeneza kidude cha ofisi hii, na ndiyo kwanza anaiona kompyuta yake. Ilikuwa ikiunguruma kama mashine ya kusaga, na kivinjari chake kilikuwa cha kale hata alama yake alishaisahau.

"Kwa nini hamkisasishi?"

Dada akamwonyesha karatasi iliyobandikwa juu ya kioo: USISASISHE. "Programu ya mashine ya kupimia macho haifunguki kwenye kingine. Tulikuandikia kwenye barua ya kazi. Ukurasa wa kwanza."

Barua hiyo fundi aliianzia ukurasa wa tatu, penye rangi.

Basi mambo yakawa wazi. Kivinjari kile hakikujua kalenda ni nini, kikaweka kisanduku kitupu, na dada, aliyewajazia wagonjwa wote hapo mapokezi, akaandika kila alichoambiwa: "Alhamisi yoyote," "hata kesho," "mkipata nafasi." Kidude hakikuelewa, lakini hakikukataa wala kuuliza. Kilichukua siku ambayo kompyuta huanzia kuhesabu tarehe zake, kikamshukuru mgonjwa kwa adabu: "Miadi yako imethibitishwa."

Fundi alikaa kwenye kiti cha dada akang'oa kalenda, bluu zote tatu na uvimbe wake. Akaweka orodha tatu za kuchagua: siku, mwezi, mwaka. Sura mbaya kama fomu ya kuombea kaburi. Ikafanya kazi mara ya kwanza, hapo hapo, kwenye kile kivinjari kikongwe. Dakika ishirini.

Yale waliyoandikiwa wagonjwa yalishapotea, lakini mpangilio wa kuomba ulibaki. Wakawapigia kumi na wawili wa kwanza, mmoja mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa mshonaji nguo; wakamsikia akiwapigia kelele watu wa nyumbani kwake: "Nimepata! Jamani, nimepata!"

Ndipo fundi akamtafuta mama mkwe kwenye orodha. Wa arobaini na moja.

Hakuhitaji kuuliza kwa nini. Kanuni aliiandika mwenyewe, kuwakomesha wajanja: anayejaza upya, ombi lake la kwanza linafutwa, anakwenda mkiani.

"Nakwenda kuchukua maji," alisema dada, chupa yake imejaa mezani. Akamwachia kipanya.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano.

"Mama," fundi alisema kwa sauti ya chini, "naweza kukupandisha."

"Atashuka nani?"

"Mshonaji mmoja."

"Umeshamwambia kapata?"

"Nimeshamwambia."

"Nami nimemsikia, maana masikio ninayo." Akafunga mkoba wake. "Sasa unaniuliza nini?"

Fundi akabonyeza Funga Orodha.

Mwezi huo mama mkwe alihamia kwake, kwa kuwa jicho la kulia lilishaondoka na mtu wa kumwongoza alikuwa amepatikana bila kutangaza kazi. Fundi alimshika mkono mpaka bafuni na kumsomea ujumbe wa simu kwa sauti, pamoja na ule mrefu wa shemeji yake uliomsema fundi mwenyewe. Na kila alipomaliza kidude kipya, aliiomba simu ya mama, kuukuu, kioo kimepasuka, akijaribie humo.

"Kwangu haifanyi," mama mkwe alisema kabla hajaitoa mkobani.

Fundi aliijaribu. Kweli, haikufanya. Akavuta kiti, akaanza upya.