Neno Yatima

Jumatatu, tarehe 9 Januari 1995, Mhoja alimfikisha bintiye Kulwa kwenye sekondari ya binafsi huko Mikumi. Kulwa alikuwa amefaulu darasa la saba, lakini baba yake alikwisha kufariki, na ng'ombe waliotoka nao Usukumani hawakubaki. Tumaini lao lilikuwa shirika lililowasomesha hapo watoto wenye shida.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Mathias wa shirika.

"Marahaba, baba."

"Mtoto huyu ni yatima?"

Mhoja alishtuka. Kwa alivyojua, yatima hana baba wala mama. Kulikubali neno hilo naye angali hai kulikuwa kujichulia kifo.

"Yatima gani, na mama yake nimesimama hapa? Usinizike mapema, baba!"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Mathias naye akacheka, akaamini wazazi wote wapo, na kwa kuwa nafasi zilikuwa za yatima tu, akamwita mwingine. Nafasi ya mwisho aliipata binti wa mjane kutoka Kisanga, aliyejibu tu, "Ndiyo."

Mwaka uliofuata, katika kisomo cha watu wazima kijijini kwao Msowero, mwalimu aliliandika neno lile ubaoni, akaeleza kwamba hata aliyefiwa na baba peke yake ni yatima. Mhoja alilisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kisha akajifunika uso kwa khanga. Saa ile Kulwa alikuwa akipalilia mahindi ya watu.

Ewe uliyesoma, mwambie na mama mwingine maana ya neno hili, kabla hajaulizwa.