Picha za Ukuta wa Kabazi

Edinah Nekoye hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alilelewa katika nyumba za reli pale Nakuru, ambako babu yake alifika kutoka Bungoma kukarabati mabehewa, na watoto wa huko walicheza ndani ya vichwa vya treni vilivyokufa hadi giza liwakute. Kwa hiyo picha ya kwanza ilipoingia, hakushtuka. Aliudhika tu.

Alifanya kazi kwa Mhandisi Waithaka, mwenye ofisi ndogo juu ya duka la viatu mjini. Walipima udongo kabla watu hawajajenga, na kukagua majengo yaliyoanza kupasuka. Kazi haikukosekana. Ardhi ya huko ni majivu ya volkano yaliyolaliana, na mvua ikizidi hufunguka bila taarifa, ikameza ua wa mtu au nusu ya barabara.

Zamani ripoti zao zilikaa kwenye makabati ya chuma. Paa lilipovuja na michoro ya miaka mingi ikageuka uji, Waithaka akakata shauri kila kitu kihamie kwenye wingu, na kazi hiyo ikamwangukia Edinah. Wenye huduma walimkodishia kitu walichokiita ndoo: ghala la mtandaoni lisilo na rafu wala droo, unatia ndani picha au ripoti yoyote na kuipa jina. Ukitia nyingine yenye jina lile lile, ya kwanza haipotei. Hubaki chini ya mpya, kama shuka chini ya blanketi, na kila toleo huandikiwa nani kaliweka na lini. Wakaguzi walipewa tableti. Wakipiga picha shambani, picha zinajipeleka zenyewe kwenye ndoo.

Aliyeipenda tableti kuliko wote alikuwa Ogada, mkaguzi wa siku nyingi, mtu mrefu wa maneno machache ambaye gamubuti zake, viatu virefu vya mpira, hazikuisha tope. Mwezi wa pili alikagua ukumbi wa kanisa moja nyuma ya Kabazi. Alipiga picha ya ukuta wa nyuma wenye ufa mwembamba kama uzi, akaandika kwamba angerudi kuutazama mvua zikianza. Hakurudi. Mwezi wa tatu, akitoka Nairobi, alishuka Kikopey kula nyama, akaanguka akiwa amesimama kwenye bomba la kunawia mikono. Moyo ulikuwa umesimama kabla hajafika chini.

Edinah ndiye aliyeifunga akaunti yake, na ndiye aliyeiweka tableti yake kwenye droo ya meza yake, akageuza ufunguo.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, alifungua ndoo akakuta ile picha ya ukuta wa Kabazi ina toleo jipya. Ukuta ulikuwa ule ule, na dirisha lake lenye kioo kilichovunjika pembeni. Lakini ufa ulikuwa umepanuka, mkono ungepita. Chini palikuwa na jina la aliyeiweka: Ogada.

Alivuta droo. Tableti ilikuwepo, imelala kifudifudi, haina hata chembe ya chaji. Akawapigia wenye huduma. Kijana mwenye sauti ya upole alitafuta, akamwambia akaunti hiyo haipo tena. Edinah akamuuliza, sasa nani ameweka picha. Kijana akasema atamuuliza mkubwa wake. Hakupiga tena.

Alipompigia Pasta Bethwel, mwenye kanisa, alimkuta shambani.

"Ukuta uko sawa tu, madam," pasta alisema. "Ule ufa uko vile Ogada aliuacha. Kwani kuna shida?"

"Hapana, Pasta. Nilikuwa nahakikisha rekodi zetu."

Waithaka alipoonyeshwa alicheka kwa pua. "Hiyo ni mtu anatuchezea, Edinah. Picha siku hizi mtu anatengeneza kwa simu. Badilisha mapaswedi yote, hiyo takataka futa."

Akabadilisha, akafuta. Baada ya chakula cha mchana picha ilikuwa imerudi, na juu yake pamelala nyingine. Katika hii ukuta haukuwepo. Palikuwa na anga tu, na ukingo wa mabati ukining'inia.

Edinah alikaa akiitazama hadi chai yake ikapoa. Kila picha ya tableti hubeba ndani yake tarehe iliyopigwa, na hakuwa amefikiria kuiangalia. Akaifungua. Akasoma, akatazama kalenda ukutani, akasoma tena. Picha ilikuwa imepigwa Jumapili iliyokuwa inakuja.

Siku ya Ijumaa likaingia toleo la mwisho. Ukumbi wote ulikuwa umekwenda. Mahali pake palikuwa na shimo refu lenye kingo nyekundu, na ndani yake viti vya plastiki vimemwagika kama maharagwe. Kwenye ukingo alisimama mwanamke, mgongo kwa kamera, amejifunga shuka ya kijani mabegani. Edinah alikuza picha. Aliutambua mkao wa kichwa, bega la kushoto lililoshuka kidogo tangu alipovunjika utotoni, na viatu. Alivitazama viatu vile kwenye kioo cha kompyuta, kisha akavitazama miguuni mwake.

Akamfuata Waithaka, akamwomba waufunge ukumbi.

"Kwa ripoti gani?" Waithaka alimuuliza. "Niandikie watu waache kanisa lao kwa sababu marehemu ametuma picha ya kesho kutwa? Nenda nyumbani upumzike. Umechoka, na ni haki yako."

Hakupumzika. Jumamosi asubuhi alivaa viatu vile vile, kwa kuwa ndivyo pekee alivyokuwa navyo vya kuhimili tope, lakini akahakikisha hana nguo yoyote ya kijani, akaenda Kabazi.

Ukumbi ulisimama kwenye mteremko, kati ya mahindi mabichi na shamba la viazi. Pasta Bethwel, mzee mnene mwenye sweta iliyotoboka viwiko, alimzungusha hadi nyuma. Ufa ulikuwa mwembamba vile vile. Edinah aliuwekea kidole. Ukuta ulikuwa wa baridi, na alihisi, au alidhani anahisi, mtetemo mdogo, kama wa mashine ya kusaga iliyo mbali.

"Pasta, kesho msisali humu ndani."

"Kwa nini, na mmesema iko sawa?"

Alikuwa amepanga maneno ya kitaalamu njiani. Yote yalimtoka kichwani. "Ogada ndiye amenituma," alisema.

Uso wa pasta ukalegea. "Ah. Si angeniambia mwenyewe? Nilimwona juzi, amesimama hapo hapo ulipo, na ile tableti yake. Nikampungia mkono, hakuitikia. Nikasema pengine ana haraka."

Edinah aliondoa kidole ukutani. Akasogea mbali na mahali aliposimama, hatua kwa hatua, kama anayeacha nafasi mtu apite.

"Alikuwa akifanya nini?"

"Anapiga picha. Anasongea, anapiga, anarudi nyuma, anapiga."

"Pasta," Edinah alisema, "Ogada tulimzika mwezi wa tatu."

Bethwel alitafuta mahali pa kukaa, akapata jiwe la kufulia, akaketi na kuvua kofia. Mahindi yalichezacheza ingawa hakukuwa na upepo wa kutosha. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Tutasalia kule juu, kwa malisho. Nitawaambia ni mambo ya injinia."

Mvua ilinyesha usiku kucha, ikakatika alfajiri. Edinah alilala kwa mke wa pasta, na asubuhi alikwenda na waumini hadi malishoni juu ya mteremko. Walitandika maturubai, wakabeba benchi na baadhi ya viti. Vingine viliachwa ndani. Baridi iliuma. Walinung'unika kidogo, kisha wakaimba.

Ilikuwa katikati ya mahubiri. Kwanza mbwa wote wa upande ule walinyamaza. Halafu ikaja sauti kama lori linalomwaga kokoto, ila haikuisha. Waligeuka wakaona paa la ukumbi likiinama kama mtu anayesinzia. Ukuta wa nyuma ulizama wima, bila kuanguka, na jengo lote likaufuata ardhini. Vumbi halikupanda, kwa kuwa udongo ulikuwa umelowa. Mama mmoja alianza kulia taratibu. Wengine walihesabu watoto wao kwa kuwagusa vichwa.

Hakuna aliyekosekana.

Edinah alijikuta akiteremka. Hakumbuki kuamua. Alisimama karibu na ukingo akatazama chini, akaona viti vimemwagika, na hapo ndipo alipohisi joto mabegani. Wakati wa nyimbo mwanamke mmoja aliyekaa nyuma yake alikuwa amemwona akitetemeka, akamfunika na shuka yake. Edinah alishukuru bila kuangalia. Sasa aliangalia. Ilikuwa ya kijani.

Nyuma yake alisikia mlio mdogo, ule ambao tableti hutoa picha ikichukuliwa.

Aligeuka. Palikuwa na nyasi ndefu zilizolala kwa mvua, na mbali, juu, watu wamesimama pamoja kwenye turubai. Hakuna aliyekuwa karibu. Lakini katika nyasi palikuwa na sehemu mbili ndogo zilizokanyagwa, na alipokuwa akizitazama, nyasi zilianza kuinuka, unyasi mmoja mmoja, kama zinavyofanya mtu akishaondoa miguu.

Jumatatu Waithaka aliendesha gari mwenyewe hadi Kabazi. Alisimama ukingoni muda mrefu, hakumwangalia Edinah. Kisha akafungua buti la gari, akatoa vigingi, na siku ile na iliyofuata walifuata mkondo wa ufa chini ya mashamba. Familia mbili zilihamishwa kabla ya jua kuzama. Waliporudi mjini alisema neno moja tu juu ya jambo lile: picha zile zisifutwe, na ndoo ifungwe kwa namna ambayo hata yeye mwenyewe hataweza kuzifuta. Edinah akafanya hivyo. Tangu Ijumaa ile halikuwa limeingia toleo jingine.

Wiki hiyo alikwenda Kaptembwa kumwona mjane wa Ogada. Hakujua angeanzia wapi. Mama Levis alimkaribisha chai, akamsikiliza akieleza kwamba kazi ya mume wake imeokoa watu Kabazi, bila kueleza ni kazi ya lini. Alipomaliza, mama yule aliweka kikombe chini.

"Hiyo ilikuwa Jumapili?"

"Jumapili, mama."

Mama Levis aliitikia kwa kichwa. "Tangu tumzike nilikuwa nasikia gamubuti asubuhi. Zinatoka hapo mlangoni, zinaenda. Jioni zinarudi. Nilikuwa sijaambia mtu, hata Levis." Alitazama mlango uliokuwa wazi, na jua limelala kwenye simenti. "Jumapili zilirudi mapema. Kisha sijazisikia tena."

Akammiminia Edinah chai nyingine, na wote wawili wakanywa.