Rimu za Pijo la Baba

Nilipokuwa mtoto, Pijo la baba yangu ndilo lililokuwa gari la maharusi wa Mlingotini, kijiji chetu cha Bagamoyo. Kila Alhamisi alasiri, baba, Mzee Abdulazizi, alichuchumaa kando ya kila gurudumu akiwa na kitambaa na maji ya sabuni, akiziosha rimu kwa utulivu wa mtu anayetia udhu. Zilikuwa na rangi ya maziwa, iliyopoa, isiyong'aa. Ndani ya gari mlikuwa na harufu ya asumini zilizodondoka vitini kutoka kwenye vikuba vya mabibi harusi, na mimi nilikatazwa kuzifagia kabla baba hajasema, "Haya, sasa harusi imekwisha."

Mwaka huu nilirudi Bagamoyo kwa likizo kutoka chuoni, ambako nasomea uhifadhi wa malikale, nikakuta daktari amekwisha kusema neno lake. Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya baba sehemu kubwa ya uoni, na kilichobaki hakikutarajiwa kudumu. Baba hakulalamika. Aliomba jambo moja tu: rimu za Pijo, zilizoliwa na chumvi ya pwani hadi zikatoka malengelenge ya kutu, zipakwe rangi upya angali anaweza kuziona.

Nililipokea ombi hilo kama amana. Niliazimia kuwa zitarudi vilevile zilivyokuwa, rangi ileile ya maziwa, upole uleule.

Tulikwenda watatu, baba, mama na mimi, kwa Fundi Mtoro, mwenye karakana njia ya Mbegani. Fundi huyu hatumii brashi. Hurusha rangi ya unga ikanata kwenye chuma kwa nguvu ya umeme, kisha huioka tanurini hadi ikayeyuka na kugandamana na chuma.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Bi Hajra."

"Marahaba, Mtoro. Watoto hawajambo? Nyumbani kwema?"

"Kwema, alhamdulillahi. Karibuni viti." Alitandaza mezani vibati vya mfano, kila kimoja na rangi yake. "Haya, Mzee, chagua. Ikishaokwa hatuifuti kwa kitambaa."

"Ah, mimi mgeni kwako. Chagua wewe unayeijua kazi."

"Nitachaguaje mbele ya mkubwa wangu?"

"Basi utakachonipa nimekipokea."

"La, Mzee, wewe kwanza."

"Wewe kwanza, bwana."

Nikaona niwaokoe. Nilikitafuta kibati cha rangi ya maziwa, nikakitia mkononi mwa baba. Alikipapasa, akatabasamu. "Maashallah. Kizuri sana."

Moyo wangu ukajaa. Fundi alikuwa ameanza kuvikusanya vibati vingine mama alipoacha kujipepea kwa upindo wa kanga.

"Nyie mnakaribishana rangi kama mnakaribishana kahawa! Abdulazizi, wewe hata ukipewa tope utasema maashallah."

Baba alicheka. "Nimepewa na mwanangu, Hajra. Nitakirudishaje?"

"Unakiona?"

Baba alikiinua karibu na uso. "Naona weupe."

"Hata ukuta mweupe."

Baba alikigeuza kibati kiganjani. Nilikumbuka jinsi ambavyo sikuwahi kumwona akikataa kitu alichokabidhiwa: kahawa iliyopoa, embe bichi, kiti kilichovunjika mguu. Adabu yake haikuwa na mlango wa kutokea, nami nilikuwa nimemfungia humo.

"Lakini baba," nilisema, "hii ndiyo rangi yake ya asili."

"Naijua, Naila. Hiyo naiona hata nikiyafumba macho. Nitafutie nitakayoiona nikiwa nimeyafumbua."

Fundi Mtoro hakungoja kuambiwa. Alimshika baba mkono, akamtoa nje kwenye jua, akaanza kuviinua vibati kimoja kimoja.

"Nyeusi ya kung'aa."

"Samahani, fundi. Hiyo hapana."

"Kijivu cha chengachenga."

"Niwie radhi. Hapana."

Kila "hapana" ilimtoka kwa taabu, kama mtu anayerudisha sahani ya mwenyeji wake. Kisha fundi akainua rangi ya fedha, laini, iliyookewa juu tabaka jingine angavu kama kioo. Baba aliinua kiganja kukinga paji la uso.

"Hiyo imenipiga jichoni."

"Nishushe, Mzee?"

"Usishushe!" Akakigeuza kichwa huku na huku, akiutafuta mwako ule na kuupata. "Ila watu watasema Abdulazizi ameingia uhuni uzeeni."

"Uzeeni?" mama akasema. "Aliyenichukua kwetu kwa honi hadi mbuzi wakakata kamba alikuwa nani?"

Wote walicheka. Mimi nilikirudisha mezani kibati cha rangi ya maziwa, nikakifunika kwa vingine, maana kukitazama kuliniuma.

Rimu zilipokwisha kufungwa, baba hakutaka kupanda. Aliketi barazani kwetu, akaniagiza niendeshe polepole mbele ya nyumba. Nilipita. Kutoka kwenye usukani sikuweza kuziona rimu. Nilimwona yeye tu, uso wake ukigeuka taratibu kunifuata tangu pembe ya nyumba ya jirani hadi mwisho wa kichochoro, kama zamani watu walivyolisindikiza kwa macho Pijo hilo lilipobeba bibi harusi.

"Pita tena!" aliita.

Niligeuza gari, nikapita.

"Tena!"

Jua lilikuwa bado juu. Niligeuza tena, na baada ya hapo sikungoja kuitwa.